Mechi 28 Bila Ushindi: Somo kutoka kwa Detroit Pistons

Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tumeisikia tangu shule ya msingi. Timu yetu inapolimwa ugenini, hutajwa ndani ya basi tukirudi, nasi huitikia kwa kichwa, halafu twaendelea kutafuna miwa yetu kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini je, umewahi kujiuliza kukubali kushindwa ni kufanya nini hasa? Ni kuinamisha kichwa na kunyamaza? Ni kumpa mshindi mkono na kusahau? Au kuna kazi ambayo aliyeshindwa anapaswa kuifanya?

Swali hili si la mtihani tu. Muhula huu kumekuwa na mjadala mkali hapa shuleni kuhusu timu yetu ya mpira wa vikapu, ambayo kwa miaka miwili haijashinda hata mechi moja katika michezo ya kaunti ndogo. Wapo wanaosema ati timu ina mkosi. Wapo wanaosema ivunjwe na pesa zake zipewe timu ya kandanda. Wapo pia wapole wanaosema tuvumilie tu, mambo yatajipa. Mimi si mchezaji, urefu wenyewe sina. Kazi yangu ni kukaa mezani na kuandika pointi. Kwa sababu hiyo napenda sana hesabu za michezo, na katika makala haya nataka tuchunguze pamoja hesabu za timu moja ya Marekani iliyoshindwa kuliko sisi, tena mbele ya macho ya dunia nzima. Timu hiyo ni Detroit Pistons, na msimu wenyewe ni ule wa 2023-24.

MANENO YA KUFAHAMU KWANZA

Kabla hatujaenda mbali, wacha tuelewane kuhusu maneno machache, maana si wote wanaofuata mchezo huu.

NBA ni ligi ya mpira wa vikapu ya wachezaji wa kulipwa. Ina timu 30: timu 29 za Marekani na timu moja ya Kanada, nayo ni Toronto Raptors. Katika msimu wa kawaida kila timu hucheza mechi 82, yaani 41 nyumbani na 41 ugenini. Mechi moja ni dakika 48, zilizogawanywa katika robo nne za dakika 12 kila moja. Hakuna sare. Timu zikitoshana nguvu, huongezwa dakika 5, na ikibidi 5 nyingine, mpaka mmoja apatikane mshindi.

Mchujo ni mashindano yanayofuata msimu wa kawaida. Timu zilizofanya vizuri huingia huko kutafuta ubingwa. Zilizobaki hurudi nyumbani.

Uteuzi wa wachezaji wapya hufanyika kila mwaka baada ya msimu. Timu huchagua chipukizi kwa zamu. Timu dhaifu hupewa nafasi nzuri ya kuchagua mapema ili nazo zipate nguvu, lakini nafasi hiyo hutolewa kwa bahati nasibu. Jambo hili tulikumbuke, tutalirudia.

Neno la mwisho ni "kushindwa" lenyewe. Katika lugha yetu neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni kuzidiwa na mwenzako: "Timu yetu ilishindwa kwa pointi kumi." Maana ya pili ni kutoweza: "Nimeshindwa kulifumbua fumbo hili." Neno ni moja, lakini maana hizi ziko mbali kama mashariki na magharibi. Maana ya kwanza yasema juu ya jana. Maana ya pili yasema juu ya uwezo wa mtu. Naamini kwamba ugomvi wetu wote kuhusu timu za mwisho hutokana na kuzichanganya maana hizi mbili.

TIMU YENYEWE

Usidhani Pistons ni timu ya juzi au ya vichochoroni. Ilianzishwa na Fred Zollner katika mji wa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Kampuni yake ilitengeneza pistoni, zile sehemu za ndani ya injini zinazopanda na kushuka, na ndiyo asili ya jina la timu. Mwaka 1957 timu ikahamia Detroit, jimbo la Michigan, mji uliosifika duniani kote kwa viwanda vya magari. Kwa hivyo jina na mji vikafaana kama chanda na pete.

Timu hii imewahi kutawazwa mabingwa mara tatu: mwaka 1989, 1990 na 2004. Katika ubingwa wa kwanza na wa pili ilifundishwa na Chuck Daly, na nyota wake walikuwa Isiah Thomas na Joe Dumars. Mwaka 2004, chini ya kocha Larry Brown, iliwashangaza wengi ilipoizaba Los Angeles Lakers mechi 4 kwa 1 katika fainali. Sifa ya Pistons ilikuwa ulinzi. Mtu alipocheza nao alijua kwamba kesho yake mwili utauma.

Nalitaja hili kwa sababu historia nzuri haichezi mechi. Bendera za ubingwa zikining'inia darini haziwezi kushuka zikafunga vikapu. Shule nyingi hapa kwetu zina vikombe vilivyojaa vumbi ofisini mwa mwalimu mkuu, na hali ya timu zao za sasa wenyewe mwaijua.

MSIMU ULIVYOKWENDA

Msimu wa 2022-23 Pistons walishinda mechi 17 na kushindwa 65. Ndiyo iliyokuwa rekodi mbaya kuliko zote katika ligi mwaka huo. Hata hivyo kulikuwa na kisingizio cha haki: nyota wao, Cade Cunningham, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika uteuzi wa 2021, aliumia mguu na kucheza mechi 12 tu.

Basi wenye timu wakaamua kutengeneza mambo. Mwezi Juni 2023 wakamwajiri kocha Monty Williams. Huyu hakuwa kocha wa kubahatisha. Mwaka 2021 aliifikisha Phoenix Suns fainali, na mwaka 2022 akatuzwa kuwa kocha bora wa mwaka. Mkataba wake ulikuwa wa miaka sita, na vyombo vya habari viliripoti kuwa thamani yake ilikuwa dola milioni 78.5. Hakuna kocha wa NBA aliyewahi kupewa mkataba mkubwa kama huo kabla yake. Cunningham naye alikuwa amepona. Mashabiki wakaanza kutabasamu.

Mwanzo ukawa wa kutia moyo. Walishindwa na Miami Heat kwa pointi moja tu, kisha wakazifunga Charlotte Hornets na Chicago Bulls. Mechi tatu, ushindi mbili. Halafu tarehe 30 Oktoba wakashindwa na Oklahoma City Thunder. Hakuna aliyejali. Kumbe mlango ulikuwa umefungwa.

Novemba nzima ikapita bila ushindi hata mmoja. Desemba ikaingia, hali ni ile ile. Rekodi ya kushindwa mfululizo ndani ya msimu mmoja ilikuwa mechi 26, waliyoiweka Cleveland Cavaliers katika msimu wa 2010-11 na Philadelphia 76ers wakaifikia katika msimu wa 2013-14. Tarehe 26 Desemba 2023 Pistons walishindwa na Brooklyn Nets 118 kwa 112, nao wakafikisha mechi 27. Cunningham peke yake alifunga pointi 41 siku hiyo na bado haikutosha. Wakati wa msururu huo mashabiki ukumbini walipaza sauti wakimwambia mwenye timu, "Uza timu! Uza timu!"

Siku mbili baadaye walikuwa Boston, nyumbani kwa Celtics, timu ambayo mwisho wa msimu huo huo ilitwaa ubingwa. Ajabu ni kwamba Pistons waliongoza kwa zaidi ya pointi 15 katika nusu ya kwanza. Celtics wakarudi, mechi ikafika muda wa nyongeza, na Pistons wakashindwa 128 kwa 122. Hiyo ikawa mechi ya 28. Kwa hesabu hiyo wakawafikia tena Philadelphia 76ers, ambao waliwahi kushindwa mechi 28 mfululizo, 10 za mwisho wa msimu wa 2014-15 na 18 za mwanzo wa msimu uliofuata.

Tarehe 30 Desemba 2023 Pistons waliikaribisha Toronto Raptors. Hapa ni lazima tuseme kweli yote: siku hiyo hiyo Raptors walikuwa wamembadilisha OG Anunoby na wachezaji wa New York Knicks, kwa hivyo walicheza wakiwa wamepungukiwa. Pistons wakashinda 129 kwa 127. Ushindi wa pointi mbili tu! Lakini jamani, watu walishangilia kana kwamba ni ubingwa.

TUZISOME HESABU

Sasa tuje kwenye kazi yangu ya mezani. Mwisho wa msimu Pistons walikuwa wameshinda mechi 14 na kushindwa 68. Hiyo ni asilimia 17 ya ushindi. Katika historia yote ya timu hiyo hawajawahi kushindwa mechi nyingi hivyo katika msimu mmoja. Kabla ya hapo, msimu wao mbaya kabisa ulikuwa wa 1979-80, waliposhinda 16 na kushindwa 66.

Je, huu ndio msimu mbaya kuliko yote katika NBA? La. Katika msimu wa 1972-73 Philadelphia 76ers walishinda mechi 9 na kushindwa 73, ilhali mwaka 1967 timu hiyo hiyo ilikuwa bingwa. Katika msimu wa 2011-12, ambao ulifupishwa kuwa mechi 66, Charlotte Bobcats walishinda 7 na kushindwa 59. Ukigawanya utapata takriban asilimia 11 kwa kila timu. Kwa hivyo anayelia atazame nyuma, atamwona anayelia zaidi.

Hebu sasa tufanye hesabu nyingine ambayo wengi hawaifanyi. Watu wote walizungumza juu ya zile mechi 28. Tuziondoe kabisa, tufanye kama hazikuchezwa. Zitabaki mechi 54. Katika hizo Pistons walishinda 14 na kushindwa 40. Hiyo ni asilimia 26 hivi. Umeona? Hata ukiutoa msururu wote, bado timu ilikuwa inashindwa karibu mechi tatu katika kila nne. Na baada ya kuwafunga Raptors walibakisha mechi 50, wakashinda 11 na kushindwa 39. Ushindi ule wa Desemba haukuponya chochote.

Hapa ndipo tunapojifunza jambo la kwanza. Msururu wa kushindwa ni kama homa. Homa ndiyo inayoonekana na kila mtu huizungumzia, lakini ugonjwa wenyewe uko ndani na ulikuwepo kabla ya homa. Anayesema "mkosi" ameitazama homa tu. Mkosi ungekuwa ndio ugonjwa, basi ulipokatika tarehe 30 Desemba timu ingepona.

SABABU MOJA BAADA YA NYINGINE

Basi ugonjwa ulikuwa nini? Nimekusanya sababu tano.

Kwanza, umri. Cunningham, aliyekuwa kiongozi, alikuwa na miaka 22. Jaden Ivey alikuwa na 21. Ausar Thompson alikuwa na 20 na ndio kwanza anaanza. Jalen Duren alitimiza miaka 20 tarehe 18 Novemba, katikati kabisa ya msururu wa kushindwa. Fikiria wewe msomaji: vijana hawa wamewapita ndugu zetu wa kidato cha nne kwa miaka michache tu, nao wanakabana na wanaume wa miaka 30 waliokwisha kuzijua hila zote za mchezo. Ujana ni mzuri, lakini dakika za mwisho za mechi zinataka mtu aliyewahi kuziona.

Pili, majeraha. Bojan Bogdanović, mzee wa timu na mfungaji hodari wa mitupo ya mbali, aliumia na kukosa mechi 19 za mwanzo. Monte Morris, aliyetarajiwa kuwasaidia vijana kuutuliza mpira, alikuwa majeruhi kwa muda mrefu na kabla msimu haujaisha akapelekwa Minnesota. Duren naye alisumbuliwa na kifundo cha mguu. Wazee waliotegemewa kuwashika vijana mkono walikuwa wamekaa kando wakitazama.

Tatu, kupoteza mpira. Pistons walikuwa miongoni mwa timu zilizoongoza kwa kupoteza mpira msimu huo. Pasi inakwenda kwa adui, mpira unatoka nje, mchezaji anatembea nao. Anayekaa mezani anajua kwamba kila mpira unaopotea ni hasara maradufu: wewe hukutupa, na mwenzako amepata nafasi ya kutupa ilhali ulinzi wako haujajipanga.

Nne, mitupo ya pointi tatu. Mchezo wa siku hizi hutegemea sana mitupo ya mbali, nayo Detroit ilikuwa karibu na mkia katika kuifunga. Wapinzani wakishajua kwamba huwezi kufunga kutoka mbali, wote hurudi na kujaza eneo la chini ya kikapu. Cunningham alipojaribu kupenya alikuta ukuta. Ile siku ya pointi 41 alikuwa akiupanda ukuta huo peke yake.

Tano, uamuzi wa kocha. Mwanzoni mwa msimu Williams alimwanzisha Killian Hayes na kumweka Ivey benchi, jambo lililowakera mashabiki wengi. Mwezi Februari 2024 Hayes aliachwa na timu. Ikiwa mtu unayemtegemea Novemba unamwacha Februari, basi hukuwa umejua unachokitafuta.

Tazameni sababu hizi tano. Hakuna hata moja inayosema kwamba vijana wale hawakuwa na uwezo. Walishindwa kwa maana ya kwanza. Waliopiga kelele ukumbini walidhani wameshindwa kwa maana ya pili.

JE, KUSHINDWA KULIWALIPA?

Wengine watasema, "Si neno, timu ya mwisho hupewa chipukizi bora." Haya, tutazame. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019, timu tatu za mwisho kila moja ilikuwa na nafasi ya asilimia 14 tu ya kuchagua wa kwanza. Timu ya mwisho kabisa haikuweza kushuka chini ya nafasi ya tano, lakini uwezekano wa kuangukia hapo hapo kwa tano ulikuwa asilimia 47.9, karibu nusu.

Mwaka 2023 Pistons walikuwa wa mwisho katika ligi. Bahati nasibu ikawapa nafasi ya tano. San Antonio Spurs wakapata ya kwanza na kumchukua Victor Wembanyama, kijana wa Ufaransa ambaye kila timu ilimtamani. Mwaka 2024 Pistons wakawa wa mwisho tena. Nafasi ikawa ya tano tena! Miaka miwili ya aibu, na zawadi haikuja.

Funzo hapa ni kwa wale wapole wanaosema tuvumilie tu. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo, lakini ni yule aliyepanda mgomba. Detroit walivumilia mechi 65 za kushindwa, na mwaka uliofuata wakapata 68. Subira bila kazi iliongeza idadi.

YALIYOFUATA

Baada ya msimu, timu haikuvunjwa. Waliosimamia timu ndio waliobadilishwa. Mkuu aliyekuwa akisajili wachezaji, Troy Weaver, aliondoka, na Trajan Langdon akachukua usukani. Mwezi Juni 2024 Monty Williams akafutwa kazi baada ya msimu mmoja tu wa ule mkataba wa miaka sita. Mahali pake akaja J.B. Bickerstaff, ambaye mwenyewe alikuwa ametoka kufutwa na Cleveland Cavaliers. Yaani aliyekataliwa kwingine akaja kuwafundisha waliochekwa na wote.

Kisha Langdon akatafuta dawa ya kila ugonjwa. Vijana walikosa wakubwa wa kuwaongoza, akamsajili Tobias Harris, mchezaji mkongwe aliyewahi kuichezea Detroit zamani. Timu ilikosa watupaji wa mbali, akawaleta Malik Beasley na Tim Hardaway Jr. Beasley peke yake alifunga mitupo 319 ya pointi tatu msimu huo, idadi ambayo hakuna mchezaji wa Detroit aliyewahi kuifikia kabla yake.

Lakini sikiliza hapa vizuri. Moyo wa timu ulikuwa ule ule. Cunningham alikuwa yule yule. Duren yule yule. Thompson, Ivey na Isaiah Stewart, wale wale walioimbiwa "Uza timu". Thompson alikuwa amemaliza msimu wa 2023-24 nje ya uwanja kwa sababu ya damu kuganda mwilini, na alirudi.

Msimu wa 2024-25 ulipoanza walishindwa mechi nne za kwanza. Nadhani wengi walicheka na kusema, "Si tuliwaambia?" Siku ya Mwaka Mpya 2025 Ivey akavunjika mguu na msimu wake ukaishia hapo. Hata hivyo timu haikutetereka. Mwisho wa msimu Pistons walikuwa wameshinda mechi 44 na kushindwa 38. Kutoka 14 hadi 44! Zidisha 14 kwa tatu upate 42, bado wanakupita. Cunningham alikuwa na wastani wa pointi 26.1 na pasi za kufungisha 9.1 kwa kila mechi, na akachaguliwa kuwa miongoni mwa wachezaji 15 bora wa msimu.

Waliingia kwenye mchujo na kukutana na New York Knicks. Detroit walikuwa wameshindwa mechi 15 za mchujo mfululizo tangu mwaka 2008, na mnyororo huo waliukata katika mechi ya pili, tena ugenini. Mwishowe Knicks waliwaondoa kwa mechi 4 kwa 2, na mechi ya sita iliisha kwa tofauti ya pointi tatu. Walishindwa, naam. Lakini safari hii hakuna aliyewaambia wauzwe.

FUNZO KWETU

Sasa turudi kwa methali yetu. Mshindani anayekubali kushindwa hufanya mambo matatu. Hukubali hesabu kama ilivyo, bila kuipaka rangi na bila kutafuta mchawi. Huzitenga sababu moja moja, kama tunavyochambua sentensi darasani tukitenga kiima na kiarifu. Kisha huitafutia kila sababu dawa yake. Methali inatutaka tukubali kushindwa kwa maana ya kwanza. Haijatutaka hata siku moja tukubali kushindwa kwa maana ya pili.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima zote, walimu wetu na kamati ya michezo wasikubali timu ya vikapu ivunjwe kabla kazi hiyo haijafanywa. Nimeyapitia madaftari ya pointi ninayoyaandika mwenyewe. Katika mechi zetu nyingi tunakaribiana na wenzetu mpaka robo ya tatu, halafu tunaachwa mbali katika robo ya nne. Mchawi gani huyo anayeingia robo ya nne pekee? Sisi ni shule ya kutwa. Wachezaji wetu wengi hutembea asubuhi na jioni, mazoezi hukatizwa ili watu wafike kwao kabla ya giza, na siku ya mechi wengine hucheza bila kula chakula cha mchana. Wenzetu wa shule za bweni hufanya mazoezi mpaka jioni na kula pamoja. Huo ndio ugonjwa. Dawa yake haihitaji dola milioni 78. Yahitaji uji na mazoezi ya wakati wa mapumziko marefu, na pengine mwanafunzi mmoja wa zamani anayejua mchezo aje Jumamosi kuwasaidia vijana kutuliza mpira.

Aidha, funzo hili si la wachezaji pekee. Matokeo ya mitihani yanapobandikwa ukutani, sote hukimbilia kutazama nani wa kwanza na nani wa mwisho. Aliye wa mwisho huitwa majina. Tafadhali tukumbuke kwamba orodha ile husema juu ya muhula uliokwisha. Ni hesabu ya kweli na ni lazima ikubaliwe, lakini haijasema lolote juu ya uwezo wa mtu. Aliye na 14 leo anaweza kupata 44 mwakani, ikiwa kuna mtu atakayekaa naye amuulize: ni wapi hasa unapoupotezea mpira?

Mwenye maoni tofauti anione, au ajiandae kwa mjadala wa chama wiki ijayo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili za neno "kushindwa" zilizotajwa katika makala.

2. Timu imecheza mechi 82 na kushinda 44. Ni asilimia ngapi ya ushindi? Linganisha na msimu uliotangulia.

3. Mwandishi anasema kwamba msururu wa kushindwa ni kama homa. Eleza maana yake, kisha utoe mfano mwingine kutoka kwa maisha ya shule.

4. "Mvumilivu hula mbivu." Je, habari za Detroit zinaithibitisha methali hii au zinaipinga? Toa sababu.

5. Kati ya sababu tano zilizotolewa, ni ipi unayoiona kubwa zaidi, na kwa nini?